KUGAWANYIKA KWA SELI: KAZI MBILI, SI MOJA

Wenzangu wengi wakiulizwa seli hugawanyika vipi, hujibu mbio: "Inakatika katikati, basi!" La hasha! Seli haikatwi kama mkate. Nami leo nataka kuwaonyesha kwamba hapo pana kazi mbili tofauti.

Kazi ya kwanza ni ya kiini. Ndani yake mna kromosomu, zilizobeba maagizo ya mwili. Binadamu ana 46 katika seli ya kawaida. Kwanza kila kromosomu hunakiliwa. Kisha zote hujipanga foleni katikati ya seli, zikavutwa na nyuzi nyembamba, nakala moja huku na pacha wake kule. Mwishowe tunapata viini viwili vyenye maagizo sawasawa.

Kazi ya pili ni ya saitoplazimu, yaani ule ute unaozunguka kiini. Kazi hii ni kutenganisha tu. Seli ya mnyama hubanwa kiunoni kutoka nje, kama gunia lililokazwa kamba katikati. Lakini seli ya muwa wa mashambani kwetu ina ukuta mgumu, haibaniki. Yenyewe hujenga ukuta mpya kuanzia katikati kwenda nje.

Sasa mtauliza, ati tofauti hii yatuhusu nini hapa Butere? Yatuhusu sana! Hebu mtazameni kijidudu cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum. Kikishaingia katika seli nyekundu ya damu, hugawa kiini chake tena na tena, lakini saitoplazimu haiguswi. Kinakaa hivyo, mwili mmoja wenye viini vingi. Halafu saitoplazimu nayo hugawanyika kwa mpigo mmoja, vikatokea vijidudu vipya, mara nyingi kati ya 16 na 32. Seli ya damu hupasuka, navyo hutoka kushambulia seli nyingine. Seli nyingi zikipasuka pamoja, homa hupanda, mtu akatetemeka kwa baridi na jua linawaka! Mzunguko huo wote huchukua takriban saa 48.

Kwa hivyo, ndugu zangu, ukiwa na homa usiseme, "Nitaenda kupimwa kesho kutwa." Hiyo kesho kutwa ndiyo saa 48 zenyewe. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.