Fundi wa Redio Aliyejiundia Studio



Wengi wetu tukisikia neno "studio" tunafikiria mara moja pesa nyingi na mitambo kutoka ng'ambo. Ni kweli, mitambo ni ghali. Lakini tukichunguza historia ya kurekodi muziki tunaona kwamba vifaa vingi vilivyosifika havikutoka dukani. Viliundwa au kurekebishwa na mafundi wa studio wenyewe, kwa kuwa walichohitaji hakikuuzwa popote, au kiliuzwa kwa bei wasiyoiweza. Safari hii tutaeleza habari za fundi mmoja wa Jamaica, jinsi vifaa vya namna yake vinavyofanya kazi, na hatari moja ambayo kila kikundi chenye kipaza sauti lazima kiijue.

FUNDI HUYU NI NANI?

Jina lake ni Osbourne Ruddock, aliyezaliwa mwaka 1941 mjini Kingston. Watu walimwita King Tubby. Hakuanza kama mwanamuziki. Alikuwa fundi wa kutengeneza redio, kusuka transfoma na kuunda amplifaya za watu waliopiga santuri mitaani kwa spika kubwa kubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha studio katika nyumba ndogo, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, ambao ni mtaa wa watu maskini. Hapakuwa na nafasi ya bendi, kwa hiyo waimbaji waliimbia bafuni! Meza yake ya kuchanganyia sauti ilikuwa ya njia nne tu. Aliinunua ikiwa imetumika, kutoka Dynamic Sounds, studio kubwa ya mji huo iliyokuwa ikileta mitambo mipya. Aliifungua, akaielewa, akairekebisha ifanye kazi aliyotaka yeye.

Katika chumba kile alichukua nyimbo zilizokwisha rekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akaacha ngoma na besi, kisha akaongeza mwangwi. Mtindo huo unaitwa dub, na leo unajulikana dunia nzima. Vijana pia walijifunza kazi kwake, kama Lloyd James aliyeitwa Prince Jammy, na Hopeton Brown aliyeitwa Scientist. Mwaka 1985 alifungua studio kubwa zaidi. Kwa huzuni, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mwezi Februari 1989.

VIFAA HIVI HUFANYAJE KAZI?

(a) Mwangwi wa mkanda. Mashine ya kurekodi mkanda ina kichwa kinachoandika sauti, na mbele yake kidogo kuna kichwa kinachoisoma. Sauti ikiandikwa, mkanda unachukua muda kufika kwenye kichwa cha kusomea. Tuseme vichwa vimeachana sentimita 5, na mkanda unakwenda sentimita 19 kwa sekunde. Gawanya 5 kwa 19: sauti itarudi baada ya karibu robo ya sekunde. Mwendo ukiongezwa mara mbili, muda unapungua nusu. Fundi akirudisha sehemu ya sauti hiyo kwenye kichwa cha kuandikia, inajirudia tena na tena ikififia. Kumbe mwangwi ni hesabu ya mwendo na umbali, ile ile tuliyofundishwa darasani!

(b) Kichujio. Hiki ni kama chekeche la unga: kinaacha sauti nyembamba zipite na kuzuia sauti nzito. Kwa njia rahisi kabisa kinahitaji vitu viwili tu, kapasita moja na rezista moja. Ukitumia rezista ya ohm 10,000 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, sauti zilizo chini ya mitetemo 160 hivi kwa sekunde zinaanza kupungua. Badilisha uweke kapasita ya 0.01, mpaka unapanda hadi karibu 1,600. Ukipanga kapasita kadhaa kwenye swichi ya kuzungusha, unakuwa na kichujio cha hatua nyingi. Meza ya King Tubby ilikuwa na kichujio cha hatua kilichoendeshwa kwa kitasa kikubwa. Alikizungusha wimbo ukiendelea, hata kikawa alama ya kazi yake.

(c) Kiboksi cha gitaa. Gitaa la umeme hutoa nguvu dhaifu ambayo haiwezi kusafiri kwenye waya mrefu bila kupoteza sauti zake nyembamba. Dawa yake ni transfoma ndogo ndani ya kiboksi cha bati. Transfoma ina nyaya mbili zilizosukwa kwenye chuma kimoja. Sauti inavuka kutoka msuko mmoja hadi mwingine, ingawa nyaya hizo hazigusani. Kutoka hapo inasafiri kwa nyaya mbili pacha. Mvumo wa stima ukiingia njiani unazipata zote mbili sawasawa, na kule mwisho mtambo unaufuta kwa kulinganisha pacha hao. Mafundi wa kampuni ya Motown, mjini Detroit huko Marekani, walijiundia viboksi vya namna hii miaka ya 1960, na wapiga gitaa wakaunganishwa moja kwa moja na meza ya studio.

HATARI YA KUKATA WAYA WA ARTHI

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Mitambo ikivuma "mmmm", kuna mafundi wanaokata waya wa arthi, ule wa kijani na manjano kwenye plagi. Mvumo huenda ukaisha kweli. Lakini waya ule ndio mlinzi wa uhai. Stima ikivuja ndani ya amplifaya isiyo na arthi, chuma chote cha nje kinaweza kuwa na umeme, pamoja na nyuzi za gitaa. Mwenye gitaa hilo akigusa kipaza sauti chenye arthi, umeme unapita mwilini mwake. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, alipogusa kipaza sauti wakati vifaa havikuwa na arthi sawasawa.

Basi mvumo uondolewe hivi:
1. Unganisheni mitambo yote kwenye soketi za mahali pamoja.
2. Pitisheni sauti kwenye transfoma, kama ile ya kiboksi tulichoeleza.
3. Wekeni nyaya za sauti mbali na nyaya za stima.
4. Arthi ya plagi isiguswe kamwe.

Tena, amplifaya ikizimwa, kapasita zake kubwa bado huhifadhi umeme kwa muda. Asiyejua asitie mkono ndani.

TUNAJIFUNZA NINI?

King Tubby alianza na ujuzi wa kutengeneza vilivyoharibika. Alinunua kilichotumika kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukifungua na kukirekebisha. Kikundi kinachonunua mtambo bila kuwa na mtu wa kuutunza, siku ukinyamaza kinabaki na sanduku la kuwekea vumbi. Heri pesa kidogo zitumike kwanza kumfundisha kijana mmoja au wawili, wasichana wakiwemo, kisha mtambo ununuliwe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika eneo letu anayetengeneza redio na simu? Tumewahi kumwuliza anaweza kuunda nini?
2. Tuna vifaa gani vimelala kwa kukosa fundi?
3. Plagi za vyombo vyetu zina arthi? Nani atazikagua, na lini?
4. Tukiwa na pesa za kifaa kimoja, tununue au tumsomeshe mtu? Kila mmoja atoe sababu zake.

Mwandishi wa kikundi aandike majibu, na mkutano ujao muanze na swali la tatu.