Kiwanda cha Chipu Huanzia kwenye Kibali cha Kazi

Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa omena hutapakaa ziwani mbele ya ufuo wa Dunga, Kisumu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za LED zenye betri, na kinachowaka ndani yake ni kipande kidogo cha semikonda, jamii moja na chipu ya simu. Mwanga wake mweupe hutokana na LED ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. LED ya buluu yenye mwanga mkali ilitoka mikononi mwa Shuji Nakamura mwaka 1993, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Nichia huko Japani. Miaka michache baadaye alihamia Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na alipopokea Nobel ya Fizikia mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, alikuwa tayari raia wa Marekani. Mashine alizozitumia zilibaki Japani. Ujuzi wake alihama nao.

Jambo hili ndilo tunaloliruka tunapojadili viwanda vya chipu. Tunataja umeme, maji, kodi na bei ya mashine. Vyote vinahitajika. Lakini nchi inayotaka kutengeneza chipu nyumbani huwa na sera mbili za kiwanda chake: moja huandikwa na wizara ya viwanda, nyingine na idara ya uhamiaji, na mara nyingi wanaoandika hawajakaa meza moja.

Chipu hutengenezwa juu ya sahani nyembamba ya silikoni, ambayo katika viwanda vikubwa ina kipenyo cha milimita 300. Sahani hupitia mamia ya hatua: hupakwa dawa, humulikwa, huchongwa kwa gesi, huoshwa, kisha mzunguko huanza upya, kwa miezi kadhaa. Hatua moja ikienda kombo kidogo tu, chipu zilizo juu ya sahani hiyo huweza kuwa za kutupa. Kwa hiyo kiwanda huishi au hufa kwa idadi ya chipu nzima zinazopatikana katika kila sahani, na wa kuipandisha idadi hiyo ni mafundi. Mashine ikishafunguliwa na kusafishwa, hairudi mara moja katika hali yake. Hupitishiwa kwanza sahani za majaribio, na aliyeishi nayo miaka ndiye anayeng'amua kwamba sasa imetulia. Mwongozo wa mtengenezaji hausemi yote. Mtu hujifunza kwa kusimama kando ya anayejua, kama kijana anavyojifunza kutega wavu akiwa ndani ya mtumbwi.

Marekani imelipia somo hili. Agosti 2022 ilipitisha sheria ya chipu iliyotengewa dola bilioni 52.7. Kampuni ya chipu ya TSMC kutoka Taiwan ilikuwa ikijenga kiwanda Phoenix, Arizona, lakini Julai 2023 ikatangaza kwamba uzalishaji utasogea kutoka 2024 hadi 2025 kwa uhaba wa mafundi wa kufunga mitambo. Ilipotaka kuleta wa kwao, vyama vya wafanyakazi vilikuja juu, hadi makubaliano yakapatikana Desemba. Vyama vile havikukosea kudai mafunzo kwa vijana wa Arizona. Ila hakuna wa kuwafunza vijana hao kama mwalimu amezuiwa uwanja wa ndege. Viza za H-1B, ambazo ni za wataalamu wa kigeni, zina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa waliopata shahada za juu Marekani, na waombaji wakizidi hupigiwa kura ya bahati. Septemba 2025 ikaongezwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Serikali inatoa ruzuku huku ikimfungia mlango yule wa kuifanya ruzuku izae.

Taiwan ilifanya kinyume. Morris Chang, mzaliwa wa China, alifanya kazi miaka 25 Texas Instruments. Mwaka 1985 Taiwan ilimwita, na mwaka 1987 akaanzisha TSMC.

Sisi wa ukanda wa ziwa tunaijua safari ya kwenda. Tom Mboya wa Rusinga ndiye aliyesukuma ndege za wanafunzi kwenda Marekani. Ya kwanza, mwaka 1959, ilibeba 81. Walitazamiwa kurudi, kwa kuwa nchi iliyokaribia uhuru ilikuwa na nafasi za kazi zikiwangoja. Mhandisi wa chipu hakuwa na pa kurudi kwa miongo mingi. Na aliyechukua uraia wa ugenini alipoteza ule wa Kenya, hadi Katiba ya 2010 iliporuhusu uraia pacha. Kwa maoni yangu, kifungu hicho kina uzito kwa viwanda vyetu kuliko misamaha mingi ya kodi.

Leo mahali pa kurudi pameanza kuonekana. Kampuni ya Semiconductor Technologies Limited iko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na mwanzilishi wake, Anthony Githinji, aliipata taaluma hiyo Marekani. Haishindani na TSMC. Inaanzia kwenye vifaa vidogo vya teknolojia ya nano. Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza Afrika kufaidi fedha za sheria ile ya chipu. Lakini sekta nzima haiwezi kungoja mtu mmoja mmoja aamue kurudi kwa mapenzi yake.

Kibali cha kazi cha daraja D hutolewa kwa mgeni mwenye ujuzi usiopatikana Kenya. Kwa viwanda vya chipu ningekifanya kiwe cha haraka na cha miaka ya kutosha, kisha upyaji wake ufungwe kwa sharti linaloweza kukaguliwa: ni Wakenya wangapi sasa wanaweza kuendesha mashine ile bila mgeni kuwa zamuni. Mafunzo ya darasani yasihesabiwe. Na nafasi hizo za kujifunza zitangazwe Maseno, Bondo na Kisumu, si kwa wanafunzi wa Nyeri na Nairobi peke yao.