Damu Isiyo ya Kawaida na Uchunguzi wa Ndani ya Mji wa Mimba

Mwanachama mwanamke asipohudhuria mkutano mkuu, au akimtuma mtoto kupeleka mazao ghalani siku ya kupima, sababu huandikwa kwa neno moja: "mgonjwa". Mara nyingine ugonjwa wenyewe ni kutokwa na damu kupita kiasi, nao hufichwa kwa ajili ya haya. Inafaa makatibu na wanachama wafahamu namna ugonjwa huo unavyochunguzwa, ili mwenye dalili ahimizwe mapema kwenda hospitali.

Damu isiyo ya kawaida

Kwa kawaida hedhi hurudi kila baada ya siku 24 hadi 38, wala haizidi siku 8. Damu inayopita muda huo, inayolowesha kitambaa kila saa, au inayotoka katikati ya mwezi au baada ya kujamiiana, haina budi kuchunguzwa. Ya kuogopwa zaidi ni ile inayomtoka mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa mwaka mzima au zaidi. Wako wanaodhani kwamba ujana umerudi. Sivyo. Kati ya wanawake 100 wenye dalili hiyo, 9 hivi hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika.

Wengi waliobaki huwa na maradhi mepesi zaidi: vinyama vinavyoota ndani, ambavyo madaktari huviita polipu, uvimbe wa misuli uitwao faibroidi, au utando wa ndani uliokonda kwa umri. Lakini kwa nje, damu ya saratani na damu ya polipu hazitofautiani.

Kutazama badala ya kukisia

Daktari huanza kwa maswali, hupima ujauzito na wingi wa damu mwilini, hutazama mlango wa kizazi, kisha hutumia ultrasaundi. Ultrasaundi huonyesha unene wa utando, lakini si kila mara huonyesha kwa hakika kilichoufanya uwe mnene. Zamani hatua iliyofuata ilikuwa kuukwangua mji wa mimba bila kuuona. Kikwangulio kikipita kando ya polipu, jibu lilirudi kuwa hakuna kitu, na damu iliendelea kutoka. Ni sawa na mkaguzi anayefungua gunia moja lililo mlangoni, akaandika kwamba ghala zima ni safi.

Dawa ya kasoro hiyo ni uchunguzi uitwao histeroskopi. Si jambo la jana: mwaka 1869 daktari Pantaleoni alimtazama kwa njia hiyo mwanamke wa miaka 60 aliyekuwa akitokwa na damu, akakuta polipu.

Siku hizi hutumika bomba jembamba, lenye upana wa milimita 3 hadi 5, likiwa na taa na lenzi. Hupitishwa ukeni na katika mlango wa kizazi, bila kupasua tumbo. Maji safi ya chumvi hutiwa polepole ili mji wa mimba utanuke, na daktari huona kuta zote katika kioo. Akiona mahali penye shaka, hukata kipande kidogo cha kupimwa maabara, kwa maana jicho peke yake halitoshi kuthibitisha saratani. Polipu ndogo huweza kuondolewa papo hapo.

Kwa kawaida uchunguzi huchukua dakika chache, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Maumivu yanayofanana na ya hedhi ni ya kawaida. Dawa ya maumivu hutolewa kabla. Yakizidi, mgonjwa ana haki ya kuomba kazi isimamishwe, au ifanywe akiwa amelazwa usingizi. Kutoboka kwa mji wa mimba na maambukizo hutokea kwa nadra. Uchunguzi huu haufanywi kwa mwenye mimba wala mwenye maambukizo ya nyonga. Tena, faibroidi iliyo nje ya ukuta haionekani kwa njia hii.

Wajibu wa chama

Chombo hiki hakipatikani katika zahanati. Hupatikana zaidi katika hospitali kubwa. Kwa hiyo safari huanzia kwenye kituo kilicho karibu, ambako mgonjwa huandikiwa rufaa. Katibu akiletewa ombi la mkopo wa dharura kwa safari hiyo, asilihesabu kuwa ni jambo la kungoja msimu uishe. Asimtake mwanamke aeleze ugonjwa wake mbele ya kamati. Barua ya rufaa yatosha, nayo itunzwe kwa siri.

Mwanamke aliyekoma hedhi akaona damu, hata tone moja, asingoje tone la pili.