KWA NINI MAONYESHO YA MJI MKONGWE HUWA YA MSIMU

Baadhi ya wananchi huuliza kwa nini vitu vya kale na picha zilizochorwa, vinavyoonyeshwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, huondolewa baada ya muda ilhali wengine hawajawahi kuviona.

Ieleweke kuwa karatasi, nguo na wino huharibiwa na mwanga. Kanga iliyotundikwa dirishani hupauka, na rangi iliyokwisha kutoka hairudi. Mvua za masika nazo, kati ya Machi na Mei, huleta unyevu unaozaa ukungu katika misahafu na barua. Kwa hiyo kitu huonyeshwa kwa msimu, kisha hupumzishwa gizani, na kingine kikashika nafasi yake.

Majengo pia yanahitaji matunzo. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na baadaye likawa makumbusho, lilibomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki dunia.

Wenye hati na picha za wazee majumbani wanashauriwa wazihifadhi mahali pakavu, mbali na jua, na waandike katika karatasi ya pembeni majina na miaka, maadamu wanaoyajua wangali hai.