Miguu ya Spika na Usingizi wa Jirani

Mapenzi ya taarabu yaliniponza Kitengela. Nilipanga huko orofa ya pili, nikanunua spika mbili ndefu, zile za kusimama sakafuni, kila moja kilo 24. Usiku mmoja baada ya Isha nikaweka nyimbo za Zein l'Abdin, nisikilize udi wake. Mara nikasikia hodi. Ni mzee wa orofa ya chini, na mkewe alikuwa mgonjwa.

"Bwana, nyimbo zenyewe sizisikii sana," akasema kwa upole, "lakini kitanda kinatetemeka."

Niliona haya. Sisi tuliolelewa Pwani twaijua haki ya jirani.

Kosa lilikuwa miguuni. Spika zile zilikuja na miguu ya chuma yenye ncha kali. Wengi hudhani ncha hizo huzuia mtetemo, kumbe kazi yake ni kuishika spika isiyumbe. Penye zulia nene zafaa, kwani hupenya hadi kwenye ugumu. Penye vigae juu ya zege, besi hushuka nazo hadi darini kwa jirani.

Nilipokwenda Kajiado mjini nikarudi na mabamba mawili ya marumaru, maana huchimbwa huko. Yalipendeza, wallahi! Lakini jiwe juu ya zege ni ugumu juu ya ugumu, na mzee hakupata nafuu. Fundi wa akala naye akanikatia vipande vya tairi. Vilisaidia kidogo tu. Tairi lina nyuzi ndani, na kwa mzigo mdogo halibonyei.

Hapo ndipo nilipoifahamu hesabu. Kilo 24 kwa miguu minne ni kilo 6 kila mguu, na mpira huchaguliwa kwa uzito huo. Usiobonyea hauzuii kitu. Uliolala kama chapati umeshindwa na mzigo. Unaotakiwa hubonyea kiasi, na ukiondolewa mzigo hurudi. Ila spika ndefu juu ya mpira laini huyumba, na nyumba yangu ina watoto. Basi kila spika niliifunga juu ya ubao mpana, mipira nikaiweka kwenye pembe za ubao.

Sasa nikiweka kiganja sakafuni sihisi mtetemo kama zamani. Mzee alipanda tukanywa kahawa. Kitanda kimetulia, alisema, ila sauti ipitayo hewani bado yamfikia, na hiyo haizuiwi na miguu. Ikifika saa tatu usiku napunguza.