Lori Lina Namba, Dereva Je?

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 1939 hadi 1945, kiwanda cha Bedford mjini Luton, Uingereza, kiliunda malori ya jeshi yapatayo 250,000. Malori ya jeshi yalipakwa namba iliyotanguliwa na herufi L, nayo humwongoza mtafiti hata leo. Lakini walioyaendesha na kuyapanda je? Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wana wa Singida wakiwamo. Wapo waliofika hadi Burma. Ndugu msomaji, kama sandukuni mwenu mna picha ya babu kando ya lori, igeuze, uandike jina lake, kijiji chake na mwaka. Lori lilipewa namba na serikali. Jina la babu litahifadhiwa na nani kama si wewe?