Redio inalegea magaribi: si kosa ya mapile

Saa kumi na mbili ya magaribi, mu kampi. Baba ametoka ku mugodi, amenawa, anangojea matangazo ya vifo. Sauti inakuja muzuri, kiisha inaenda mbali sawa mutu anayeongea ndani ya kisima, kiisha inarudia pamoja na muziki ya inchi ingine. Mama anaita: «Baba, mapile imekwisha tena!» Kesho yake feza ya bukari inanunua mapile ya mupya.

Ile redio haina ugonjwa. Ni jua.

Mtambo wa AM, ao «ondes moyennes» kama inaandikwa ku redio, unatuma sauti kwa njia mbili. Moja inatambaa ku udongo, ya pili inapanda juu. Muchana, jua linachoma hewa ya juu sana, kilometa 60 mpaka 90, na ile hewa inameza sauti yote inayopanda. Inabakia ile ya chini tu. Mbali na mtambo ni zaifu, lakini haitikisiki.

Jua likishuka, kile kizuizi kinapotea. Sauti inapita, inagonga hewa ingine ya juu zaidi, kilometa 100 na kupita, na inarudishwa chini sawa mupira ku ukuta. Njo maana usiku tunasikia miji ya mbali. Mwingereza Appleton alihakikisha ile ukuta iko kweli katika mwaka 1924.

Mutu wa Lubumbashi, karibu na mtambo, hataona shida kubwa. Lakini Likasi, kilometa 120, sauti mbili za mtambo mumoja zinaweza kufika pamoja, ile ya juu imechelewa kidogo. Zikipatana, redio inalia kwa nguvu, zikipishana, zinauana. Na mitambo ya mbali inaingilia mulemule.

Jirani zetu wa Copperbelt walijua kutumia ile ukuta. Tangu 1949 waliuziwa redio ya mapile yenye umbo la sufuria, Saucepan Special, kwa paundi 5. Ilishika Lusaka ku «ondes courtes», zinazosafiri kwa kurudishwa na hewa ya juu.

Mimi mwenyewe nililipa fundi mara mbili mbele ya kujua haya. Fundi alifurahi.

Basi, mungoje asubuhi. Kama saa tatu redio inasikika sawa siku zote, mapile ingali nzima. Magaribi muigeuze pole pole, maana antena ya ndani inasikia upande moja kuliko ingine, na muiweke mbali na taa ya neon na nyuzi za umeme. Mvua ikianza, ile kelele ya kupasuka-pasuka ni radi, hata kama inapiga mbali.

Na mukipeleka tangazo ya kilio, muombe isomwe na muchana. Ndugu wa Likasi ataisikia kwa sauti ndogo, lakini jina halitakatika katikati.